Timu ya Watu wa Kukaa

Wilhelmina aliinunua timu akiamini kabisa kwamba ni ya mpira wa miguu, na lililomuuma zaidi baadaye ni kwamba hakuna aliyemdanganya. Wa kumlaumu hakuwapo. Kwenye kikao cha wadau, katika hoteli moja ya Capri Point, vijana waliovaa makoti walieleza yote waziwazi: ligi ya kulipwa ya Kanda ya Ziwa, timu nane, usajili, kocha, mwamuzi, msimu, kushuka daraja. Walionyesha na picha ukutani. Lakini siku hiyo Wilhelmina alikuwa ameiacha miwani nyumbani kwa sababu aliona inamzeesha, na alichokiona ukutani kilikuwa rangirangi tu zinazorukaruka. Akajisemea moyoni kwamba bila shaka hao ni mashabiki.

Tena alikuwapo Shimba. Shimba wa Geita, mwenye vituo vya mafuta, ndiye aliyempokonya jogoo kwenye mnada wa mavuno kanisani mwaka uliopita. Jogoo wa kawaida kabisa, mwenye jicho moja, ambaye Wilhelmina hakumhitaji hata kidogo mpaka alipoona Shimba anamhitaji. Sasa Shimba alikuwa mstari wa mbele anatabasamu, timu yake ameshaichukua. Kijana wa koti alipouliza, "Nafasi ya mwisho ni ya Mwanza. Nani ataibeba Mwanza?" mkono wa Wilhelmina ulinyanyuka kabla kichwa chake hakijapewa taarifa.

Alikuwa mama wa makamo aliyejijenga pale Mwaloni, Kirumba, kutoka kuuza dagaa kwa kopo hadi kupakia malori yanayokwenda mpaka Kongo. Watu walimwita Mama Bernadeta, kwa jina la binti yake mkubwa. Hakuwa na tabia ya kuficha mambo yake mazuri. Alipotoka hotelini alipitia sokoni, akapanda juu ya kreti la samaki na kutangaza kwamba kuanzia leo Mwaloni ina timu yake, inaitwa Sangara FC. Wapakiaji walipiga miluzi. Mzee mmoja wa kushona nyavu akauliza, "Mama Bernadeta, tutachezea pale Kilumba? Sisi tutaingia bule?" Akamjibu kwamba wote wataingia bure, na wazee watapewa viti.

Jumapili padre aliiombea timu. Jumatatu Wilhelmina aliagiza jezi za bluu zenye picha ya sangara aliyefumbua mdomo, na viatu vya njumu jozi za kikosi kizima, pamoja na za akiba.

Siku ya kwenda kambini, nyumba ya kupanga kule Pasiansi, alivaa gauni lake la kitenge la harusi za watu wengine. Akaingia sebuleni na kuwakuta vijana sita. Mmoja alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani. Mwingine alikuwa amejifunika blanketi saa nne asubuhi. Waliinuka wote kwa heshima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wenzenu wako mazoezini?"

Vijana walitazamana. Mwanamke mmoja mwenye umri kama wa Bernadeta, nywele kasuka kwa uzi mwekundu, akajitokeza kutoka jikoni akijifuta mikono.

"Shikamoo, Mama. Naitwa Gladness."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mpishi?"

"Mimi ndiye kocha," Gladness alisema. "Na hawa ndio wote. Wanaocheza ni watano, huyu Evelina ni wa akiba."

Wilhelmina alihesabu vichwa upya, kana kwamba wengine wangeweza kuwa nyuma ya pazia. "Watano," alisema. "Na uwanja?"

Gladness akamsogezea mlango wa chumba cha pili. Ndani kulikuwa na meza ndefu, kompyuta zimepangwa kama maharusi, kila moja na kibodi yake inayowaka taa za rangi, na viti vyenye migongo mirefu kuliko kiti cha askofu.

Wilhelmina alivitazama viti vile kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo vijana walikuja kulirudia msimu mzima, kila mechi inapowaendea vibaya: "Kwa hiyo wanakimbia saa ngapi?"

*

Mumewe, Ndalahwa, mwalimu mstaafu wa jiografia, alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mke wangu."

"Ningeuziwa ingekuwa nafuu," Wilhelmina alisema. "Gunia lilikuwa wazi. Nilimtazama mbuzi, nikasema, ng'ombe mzuri sana huyu, nifungieni."

Hapo hata yeye akacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na machozi pembeni. Kurudisha timu isingewezekana. Kanisa lilishaomba, Mwaloni ilishapiga miluzi, na Shimba angefurahi. Katika hizo tatu, alijua mwenyewe ipi ilikuwa kubwa, na hakujivunia.

Maji ameyavulia nguo, ikabidi aoge. Akamwomba Gladness amfundishe, na Gladness, aliyekuwa na subira ya mtu aliyewahi kufundisha chekechea, akamketisha mbele ya skrini. Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Watano kwa watano, kila upande una ngome yake, katikati kuna pori. Wa kwanza kuibomoa ngome ya mwenzake ameshinda. Kila mchezaji huona tu pale ambapo mtu wa kwao amefika, kwingine kote ni giza. Mechi moja ni gemu tatu, mwenye gemu mbili kachukua pointi. Mwisho wa msimu timu ya kwanza inakwenda Dar es Salaam kupambana na mabingwa wa kanda nyingine, na mbili za mwisho zinacheza mechi ya mchujo: atakayefungwa anashuka daraja.

"Na nyumbani na ugenini?"

"Mechi zote za Ligi Kuu zinachezwa ukumbi mmoja, hapahapa Kirumba. Mtandao, Mama. Wa Bukoba akicheza kutoka Bukoba, akibonyeza leo risasi inatoka kesho."

Hilo Wilhelmina alilielewa vizuri. Lilifanana na wateja wake wa Kongo na simu zao.

Alichokataa kukielewa ni kwamba yeye hakuwa na kazi ya kufanya. Mwenye timu katika ligi ile hutafuta wadhamini, hulipa kambi, husaini usajili wa dirisha dogo, na kukaa kimya. Wilhelmina aliweza vyote isipokuwa cha mwisho. Aliwakimbiza asubuhi kuuzunguka mtaa, akiwafuata nyuma ndani ya gari. Aliwapikia uji wa dagaa, kwa sababu alisikia samaki ni chakula cha ubongo. Vijana waliunywa kwa macho yaliyofumbwa. Na siku ya kuwakabidhi jezi alisimama mbele yao akatoa hotuba ambayo, kwa maoni yake, ilikuwa nzuri.

"Jambo la mwisho," alisema. "Kwenye timu yangu sitaki kusikia habari za majeruhi. Mpira nauelewa, mtu anavunjwa mguu. Lakini mtu anayeshinda kwenye kiti ataumia nini? Makalio?"

Walicheka wote. Aliyecheka zaidi alikuwa nahodha, Ojuok, kijana mrefu wa Shirati ambaye vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye kibodi kama mvua ya kwanza kwenye bati. Wilhelmina aliondoka akijiona mchekeshaji mkubwa. Hotuba hiyo alimsimulia Ndalahwa mara mbili.

*

Msimu ulianza, na Sangara FC ikaanza kufungwa.

Walifungwa na Bukoba, wakafungwa na Kahama, wakaibana Musoma kidogo halafu wakafungwa. Watangazaji waliokuwa wakirusha mechi mubashara mtandaoni waliulizana kila wiki ile FC inasimamia nini. Mmoja alikisia "Fundi Chuma." Mwingine alisema labda ni "Fungwa Chapchap," na hilo likashika. Mwaloni wapakiaji walimwamkia, "Shikamoo, Mama Chapchap," na Wilhelmina aliitika marahaba, angefanya nini?

Kitu kimoja kilimfariji: Shimba. Timu yake, Nyundo ya Geita, nayo ilikuwa inapigwa kama ngoma. Wawili hao walipeana mkono kila wikiendi ukumbini, wakaulizana habari za biashara, kisha kila mmoja akaenda kukaa mbali kuomba mwenzake afungwe zaidi.

Halafu ikaja mechi na Shinyanga. Kwa mara ya kwanza Sangara FC walikuwa wamechukua gemu moja, na ya pili walikuwa wanaongoza. Wilhelmina alikaa mstari wa mbele kabisa, miwani amevaa, kwani siku hizi hakuwa na uzee wa kuficha. Sasa, skrini kubwa ya ukumbini huonyesha pande zote mbili, ndiyo maana wachezaji huketi wakiipa mgongo na kuvaa hedfoni kubwa zenye kelele kama ya mvua ndani yake, wasisikie mashabiki. Gladness alishamweleza haya. Alimweleza mara nyingi.

Wilhelmina aliona kwenye skrini watu wa Shinyanga watatu wamejibanza kichakani, na kijana wake Machibya wa Usagara anakwenda moja kwa moja kichakani kule, anatembea kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Mwili wake ulisimama wenyewe. Akapiga ukelele. Na kwa kuwa akili yake ilimkumbusha sheria nusu tu, alipiga ukelele huo kwa Kisukuma, akiamini kwamba ujanja huo hakuna atakayeugundua. Aliwataja wote watatu, na kichaka chao, na upande wa kukimbilia.

Machibya, ambaye kwa joto la siku ile alikuwa ameachia sikio moja nje ya hedfoni, aligeuka ghafla akakimbia.

Mchezo ukasimamishwa. Mwamuzi mkuu, kijana mpole aitwaye Chenge, alikuja mpaka mstari wa mbele, akainama mbele ya Wilhelmina kwa adabu zote, na kumweleza kosa lake kwa Kisukuma safi kuliko cha kwake. Alikuwa mzaliwa wa Kisesa.

"Mwanangu," Wilhelmina alinong'ona, "mimi nilikuwa nasali tu."

"Nilisikia, Mama," Chenge alisema. "Ulisali mpaka ukasema kushoto."

Gemu ile walipewa Shinyanga. Ya tatu vijana waliicheza wakiwa wamechanganyikiwa, wakafungwa. Uamuzi wa ligi ulitoka kesho yake: mmiliki wa Sangara FC amefungiwa kuingia ukumbini mpaka mwisho wa msimu. Video ya ukelele wake ilikuwa imeshazunguka kanda nzima, na mtu alikuwa ameiwekea mdundo. Ndalahwa alikiri kwamba mdundo ulikuwa mzuri. Wilhelmina aliitazama peke yake chumbani, akajiona jinsi alivyosimama, mkoba umedondoka, mkono hewani, mdomo wazi kuliko wa sangara wa kwenye jezi. Akacheka. Kisha akakaa kitandani, hakucheka tena. Pointi ile vijana wangeibeba wenyewe, kama yeye angenyamaza tu.

*

Walimaliza ligi wakiwa wa saba. Wa nane walikuwa Nyundo ya Geita. Kwa hiyo mechi ya mchujo ilikuwa yao wawili.

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, Wilhelmina alikuwa nje ya jengo, kwenye ngazi za uani, juu yake kuna madirisha ya ukumbi uliojaa watu. Alikuwa na simu mkononi, lakini matangazo ya mtandaoni huchelewa kwa makusudi dakika kadhaa, asije mtu akawapenyezea wachezaji siri. Kwa hiyo kelele za madirishani zilimfikia kwanza, halafu ndipo alipoona sababu yake. Ilikuwa kama kusikia kilio cha msiba kabla ya kuambiwa ni nani aliyekufa. Gemu ya kwanza walichukua Sangara. Ya pili wakachukua Geita.

Mlango ukafunguka, Shimba akatoka, jasho linamtiririka shingoni.

"Wewe nawe umefungiwa?" Wilhelmina aliuliza.

"Nimejifungia mwenyewe. Moyo wangu hauwezi." Alijishusha kwenye ngazi, hatua mbili kutoka kwake. "Mama Bernadeta, nikuulize kitu, usinicheke. Wewe unaelewa kinachoendelea mle?"

"Kidogo."

"Mimi sielewi hata kimoja." Shimba alitazama mlangoni, akapunguza sauti. "Siku ile hotelini, mimi nilijua ni mpira."

Wilhelmina alimgeukia taratibu. "Mpira wa miguu?"

"Nilishaagiza na basi la wachezaji. La viti thelathini. Wanakaa watu saba mle, kila mtu na dirisha lake."

Hapo Wilhelmina alicheka kicheko ambacho hakuwahi kukitoa tangu msimu uanze. Alimwambia kuhusu viatu vya njumu. Shimba alijipiga paja. Wakawa wanacheka wote wawili, watu wazima wenye mvi na heshima zao, wakishikana mabega kwenye ngazi za uani. Na Wilhelmina alikuwa bado anajifuta macho alipomwona Ojuok akishuka kwa mlango wa pembeni.

Yalikuwa mapumziko kabla ya gemu ya tatu. Ojuok hakuwaona. Alikwenda kwenye bomba la uani, akaweka kiganja cha kulia juu ya koki, akauondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akaifungua kwa kiwiko. Kisha akaweka kifundo cha mkono chini ya maji, akafumba macho.

Wilhelmina aliacha kucheka. Akainuka.

"Ojuok."

Kijana aliruka. "Mama! Shikamoo. Nanawa tu."

"Nionyeshe."

"Si kitu, Mama."

"Nionyeshe mkono, baba."

Akautoa. Kifundo kilikuwa kimevimba na kung'aa kama kitunguu. Wilhelmina hakukigusa. "Tangu lini?"

"Tangu mzunguko wa kwanza. Lakini usiku nikikikanda kinapoa."

"Kocha anajua?"

"Aliona. Nilimwomba sana asikwambie."

"Kwa nini mimi?"

Ojuok aliyatazama maji yanavyokwenda. Alikuwa kijana mwenye adabu, na jibu lilimpa tabu. "Mama, ulisema hutaki majeruhi. Ulisema mtu wa kukaa ataumia nini. Tulicheka. Sasa ningekuja kukwambia nini?"

 Wilhelmina alijiona tena pale mbele yao, mkono kiunoni, anawasubiri wacheke. Kuvaa gauni la harusi kambini, uji wa dagaa, hata ule ukelele, yote hayo alikuwa ameshajicheka. Hili halikuwa na mahali pa kuchekea.

"Nilikuwa mjinga," alisema.

"Hapana, Mama."

"Usinitetee, nimeshajaribu mwenyewe." Akavua mtandio wake, akauloanisha kwenye bomba na kumzungushia kifundo. "Gemu hii usicheze. Evelina akae."

"Evelina hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Tutashuka."

"Tushuke."

"Watasema Mwaloni nzima..."

"Mwaloni wataniita Mama nani tena? Majina yenyewe yamewaishia." Kisha akapanda ngazi mpaka mlango wa juu, ambako Chenge alikuwa amesimama na beji yake. "Mwanangu Chenge, nataka kubadilisha mchezaji."

Chenge alitikisa kichwa, na uso wake ulionyesha kwamba hakufurahia. "Mama, umefungiwa. Maelekezo yako siwezi kuyapokea. Anayeomba mabadiliko ni kocha au nahodha."

Wilhelmina akarudi chini. Katika maisha yake yote ya sokoni alikuwa akisema, mzigo unanyanyuka. Sasa alisimama mbele ya kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho na hakuwa na amri yoyote ya kumpa.

"Umesikia," alimwambia. "Mimi siwezi kukupangia. Nakuomba tu. Huo mkono mama yako alikuzaa nao, haukuja na jezi."

 Kengele ililia juu. Ojuok akapanda, mtandio unadondosha maji kila ngazi, na mlango ukafungwa.

*

Wilhelmina na Shimba walikaa wakitazama simu moja, kwa kuwa ya Shimba ilikuwa kubwa. Picha ilikuwa bado inaonyesha matangazo ya soda. Juu yao kelele zikaanza.

"Wameanza," Shimba alisema.

"Nani kakaa?"

"Haijafika."

Kelele ilipanda, ikashuka. Mtu fulani alipiga filimbi. Wilhelmina alifumba macho akasali, safari hii bila kutaja upande. Hatimaye picha ikabadilika, kamera ikapita mbele ya wachezaji wa Sangara mmoja mmoja: Machibya, masikio yote mawili ndani, wengine wawili, aliyezoea kujifunika blanketi, na kwenye kiti cha nahodha, miwani imeshuka puani, Evelina. Nyuma yake alisimama Ojuok, mtandio wa kitenge mkononi, ameinamisha kichwa kana kwamba anawasalimia wafiwa.

"Asante," Wilhelmina alisema, bila kujua anamwambia nani.

Evelina alicheza vibaya mwanzoni. Alikufa mara moja, akafufuka, akafa tena palepale. Kisha, taratibu, akaacha kuogopa. Aliwaongoza wenzake kupita porini upande ambao hata Geita hawakuufikiria, wakavunja ukuta wa kwanza, wakavunja wa pili. Shimba alianza kutafuna kola yake. Ngome ya Geita ilibakia na uhai mdogo kama mshumaa wa mwisho wa mkesha wa Pasaka, na hapohapo, juu ya vichwa vyao, madirisha yalilipuka. Ukumbi mzima ulipiga kelele kwa pamoja, viti vikaburuzwa, watu wakaimba.

Lakini ni nani? Kwenye simu, gemu bado ilikuwa inaendelea. Evelina bado alikuwa anakwenda mbele.

"Tumeshinda," Wilhelmina alisema.

"Au sisi," Shimba alisema.

Wakangoja. Ulikuwa mngojeo wa ajabu, kutazama watoto wakihangaika na jambo ambalo limeshakwisha. Evelina na wenzake walifika mlangoni mwa ngome. Wakabakiza pigo moja. Na huku nyuma, mtu mmoja wa Geita, peke yake, alikuwa amezunguka pori lote bila kuonekana, akaifikia ngome ya Sangara iliyokuwa haina mlinzi. Wilhelmina alimwona kwenye skrini. Alimwona vizuri kabisa. Akauma kitambaa cha gauni lake. Ngome iliyobomoka ilikuwa ya bluu.

Shimba aliruka juu, mikono miwili hewani. Halafu akamtazama jirani yake, akaishusha mikono, akaketi polepole na kuvuta suruali magotini.

"Pole, Mama Bernadeta."

"Hongera," Wilhelmina alisema. Akashangaa kuona kwamba alimaanisha. "Sasa una mwaka mwingine wa kutoelewa."

*

Daktari alisema kano za kifundo zimechoka na kuvimba, na kwamba kijana asiguse kibodi mpaka aambiwe. Wilhelmina mwenyewe ndiye aliyempigia simu mama wa Ojuok, Akumu, kule Shirati, na mwenyewe ndiye aliyempokea stendi. Akamweleza yote, pamoja na hotuba yake, neno kwa neno. Akumu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu aliniambia bosi wake ana kelele," alisema kwa upole. "Hakuniambia kama unasikia." Kisha akaomba aonyeshwe jikoni, kwa sababu vijana, kwa maoni yake, walikuwa wamekonda. Alikaa wiki mbili. Uji wa dagaa ulikoma bila mtu yeyote kutangaza.

Watu walidhani Wilhelmina ataiuza timu. Ndalahwa alimuuliza, naye akasema angemuuzia nani, hana gunia kubwa kiasi hicho. Ukweli alimwambia Gladness peke yake: alikuwa amewazoea. Ojuok aliwekwa kuwa msaidizi wa kocha mpaka mkono upone, na ikaonekana anajua kufundisha. Evelina akapewa unahodha, akautapikia kwa woga siku ya kwanza, siku ya pili akautumia. Na kila Jumatatu, kabla ya lolote, Wilhelmina aliwapanga vijana wote wamwonyeshe mikono, mbele na nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha.

Daraja la kwanza halina ukumbi mmoja. Kule kila timu hukaribisha wenzake kwao, na mwenyeji ndiye anayetafuta mtandao. Mechi ya kwanza ya Sangara FC ilipangwa Nansio, Ukerewe. Wakapanda kivuko asubuhi, vijana wamekumbatia kibodi zao kama watoto wachanga, Gladness na orodha ya vyanzo vya umeme vya akiba kichwani, na Wilhelmina na kapu la chapati.

Kivuko hakijafika mbali, ziwa likaanza kutikisika kidogo. Wilhelmina alikaa kimya. Machibya alimsogezea chapati, akaisukuma pembeni. Alikuwa amekula riziki ya ziwa hilo miaka yake yote, akalipangia bei, akaligombania, akalipakia kwenye malori. Kusafiri juu yake hakuwahi hata siku moja.

"Mama, uko sawa?" Evelina aliuliza.

"Niko sawa," Wilhelmina alisema, akainuka, akafika kwenye reli, na kuwalisha dagaa wa Nyanza chai yote ya asubuhi.

Evelina alimshikilia kitenge kwa nyuma asidondoke. Ojuok akaleta maji, kwa mkono wa kushoto. Abiria mmoja, mama wa Kikerewe mwenye tenga la machungwa, aliwatazama vijana wale wenye jezi za bluu, akauliza kwa huruma kama mgonjwa ni bibi yao.

"Ni mwenye timu," Ojuok alisema.

"Timu ya nini?"

Wilhelmina alijifuta mdomo, akageuka ili amjibu yule mama kwa kirefu, kwa kuwa swali hilo aliliweza sana siku hizi. Lakini wimbi lingine likaja, ikabidi arudi kwanza kwenye reli.